Mlango Usioomba Ruhusa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nilipewa na ofisi niandikie vipimo vya waya. Vipimo nimeviandika mbele. Huku nyuma naandika yangu.

Leo tumeanza kazi kwenye kiwanda cha nguo. Jengo la ghorofa mbili: chini stoo na mapokezi, katikati ofisi, juu kabisa washonaji mia mbili na kumi, wengi wao wanawake. Milango ni saba, yote ya sumaku. Unagusisha kadi, taa inageuka kijani, sumaku inaachia. Darini kuna sensa za moshi, lakini hizo zinajua kulia tu. Zikilia, milango haina habari. Kazi yetu ni kuzikutanisha: sensa ikinusa moshi, king'ora kilie na papo hapo umeme wa sumaku ukatike, milango yote saba iachie. Bila kadi, bila kumngoja mtu.

Mdogo wangu anashona ghorofa ya juu, mwaka wa tatu sasa. Asubuhi tumetoka nyumbani pamoja, na njiani amenionya: "Dada, pale usijifanye hunijui. Lakini pia usijifanye unanijua sana."

Mama jioni kaniuliza, sensa si ile ya kuhesabu watu? Nikamwambia hii ni ya moshi. Akasema, "Basi na yenyewe iwahesabu wakitoka."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Tumevuta waya mita mia mbili na arobaini. Kimya hakusema maneno kumi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Niandike kidogo kuhusu Kimya. Ni fundi mwenzangu, tumeshikiana ngazi miaka kumi na mmoja. Jina lake halisi hata bosi hulitafuta kwenye karatasi. Mkono wake ni safi. Ukifungua kisanduku alichokifunga yeye unatamani kukitia fremu. Ila ni mtu wa ndiyo. Ndiyo bosi, ndiyo mteja, ndiyo hata kwa mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Jaribio. Nimepuliza moshi wa kopo kwenye sensa moja ya ghorofa ya juu. King'ora kililia, na mara nikasikia ule mlio ninaoupenda kuliko wimbo wowote: ta, ta, ta, sumaku zikiachia moja baada ya nyingine. Washonaji walishangilia kama timu yao imefunga. Mlinzi wa mapokezi, wanayemwita Afande kwa jinsi anavyopiga saluti hata kwa mtu aliyeleta barua, alikunja uso. "Kwa hiyo yeyote akiwasha karatasi hapo juu, mimi nimebaki na jengo wazi?"

Nikamjibu, "Jengo wazi, na watu wazima."

Hakucheka. Nilimwona ni mbwa wa meneja tu.

Jumatatu, 18 Machi

Kosa langu, na naliandika kama lilivyo. Kwenye meza za pasi niliweka sensa ya moshi. Leo pasi zote ziliwashwa kwa pamoja, mvuke ukapanda, sensa ikadhani ni moshi. Watu mia mbili na kumi wakatoka mvuani. Meneja alinijia koti limelowa hadi mabegani. Nilimwomba radhi mbele ya watu, nikaibandua, nikaweka ya joto, ambayo mvuke hauidanganyi. Ilichukua dakika arobaini.

Alhamisi, 21 Machi

Imelia tena. Safari hii paa linavuja, maji yamepenya kwenye kitufe cha dharura karibu na dirisha. Paa si langu, lakini kitufe ni changu. Nimekifunika vizuri na kukihamisha.

Watu waliporudi ndani, stoo ilikuta marobota mawili ya mashati hayapo. Zilitoka na nani, kwa mlango upi, hakuna ajuaye. Meneja hakupiga kelele. Alinitazama tu kwa utulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele za Jumatatu.

Ijumaa, 22 Machi

Kikao. Meneja, bosi wangu, mimi, Kimya. Sitaki kusahau lililosemwa.

Meneja hakuongea upumbavu, lazima nikiri. Alisema: "Mara mbili ndani ya wiki moja jengo langu limekaa wazi. Mwizi hahitaji ufunguo tena, anahitaji kibiriti. Nataka hivi: king'ora kikilia, kadi zote zijifunge. Afande aangalie kamera. Akiona moto kweli, abonyeze kitufe mezani kwake, milango ifunguke. Akiona ni mchezo, azime."

"Na Afande asipokuwepo mezani?" nikauliza.

"Afande yupo siku zote."

"Mtu hayupo mahali siku zote, mheshimiwa. Moto hauombi ruhusa. Mlango nao usiombe. Kama ni wizi, niruhusu niweke kamera kila mlango wa nje na kengele ya peke yake inayolia mlango ukifunguliwa. Utamwona mwizi hadi meno. Lakini waya wa king'ora na sumaku ubaki kama ulivyo."

"Sijakuita unishauri. Kata waya."

Bosi akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Sikati."

Kimya alikuwa akitazama kucha zake. Bosi akacheka kile kicheko cha kulainisha wateja. "Fundi wangu amechoka, tutalimaliza." Nje ya mlango alinipa cheti cha kukabidhi kazi nikisaini. Niligeuza upande wa pili, nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEAGIZWA KUTENGA KING'ORA NA MILANGO. NIMEKATAA. MILANGO IKITENGWA WATU WATAFUNGIWA NDANI. Nikaweka tarehe na saa, nikanakili maneno hayohayo kwenye kitabu cha kazi cha jengo, kile kinachokaa ndani ya kisanduku cha king'ora. Saini upande wa mbele sikuiweka.

Bosi alisoma, akakunja. "Unajua umenifanya nini?"

"Najua."

Jumamosi, 23 Machi

Mdogo wangu hajala nami. Baadaye alilipuka, akiwa anakunja nguo za binti yake. "Tangu juzi tunapekuliwa getini kama wezi. Mpaka kwenye nywele! Kisa king'ora chako. Na sasa nasikia umemjibu meneja. Dada, wewe ukifukuzwa pale utapelekwa jengo jingine. Mimi nikifukuzwa naenda wapi?"

"Nimekataa kwa ajili yenu."

"Nani alikutuma?"

Mama akasema tupunguze sauti, mtoto anasikia.

Jumanne, 26 Machi

Nimehamishwa. Jengo la ofisi upande wa pili wa mji. Zulia, maua ya plastiki. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mdogo wangu kaniambia bila kunitazama: "Kimya alikuja leo. Alipanda na kushuka, hata robo saa haikuisha."

Robo saa inatosha kabisa. Nilimpigia.

"Umekata?"

"Nimekata."

"Hata vitufe vya dharura vya milangoni? Vyote viko kwenye waya uleule."

"Vyote."

"Kwa nini?"

"Bosi alikuwa kwenye simu, meneja amesimama nyuma yangu." Kana kwamba hilo ni jibu. Nilikata simu. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipanda ngazi iliyoshikwa na mtu huyu.

Jumatano, 3 Aprili

Ofisi ya zimamoto, idara ya ukaguzi. Nimepeleka barua kurasa mbili na mchoro. Ofisa aliipiga muhuri vizuri sana. "Tumepokea. Ukaguzi una foleni."

Jumanne, 9 Aprili

Nimerudi. Foleni.

Alhamisi, 11 Aprili

Foleni. Na faili halionekani. Nimeandika nyingine pale pale kaunta, nimesimama, watu nyuma yangu wakiguna. Waache wagune.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimefanya ambalo bosi akilisikia atapasuka. Saa ya chakula cha mchana nilikwenda mgahawa ulio mbele ya kiwanda, wanakokula washonaji. Nikaweka mezani sumaku moja ya mlango, betri, na swichi. Nikamwita mama mmoja mnene, fundi wa kola, nikamwambia avute. Akavuta kwa mikono miwili mpaka meza ikasogea na chai ikamwagika. Haikuachia. Nikagusa swichi, umeme ukakatika, akaanguka nacho kiti. Mgahawa mzima ulicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Kisha nikawaambia. Zamani swichi hii ilikuwa inaguswa na moshi wenyewe. Sasa inaguswa na kidole cha mtu aliyekaa chini mapokezi. Kicheko kiliisha taratibu, meza moja baada ya nyingine.

"Tufanye nini?" fundi wa kola akauliza.

"Ombeni jaribio. Mwambieni meneja apige king'ora mkiwa mnatazama. Kama milango haikufunguka yenyewe, msipande."

Mdogo wangu alikuwepo. Alikula ameelekea ukutani.

Nilipokuwa nafunga vitu vyangu nikamwona Afande mlangoni, kofia mkononi. Nikajua yamenifika. Lakini alisogea akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa dukani: "Fundi. Nikiwa chooni, nani atabonyeza?"

"Hakuna."

"Nilimuuliza meneja. Akaniambia nipunguze kunywa maji."

Nilikuwa nimemwelewa vibaya. Ile siku ya jaribio hakuwa anaogopa kuwatoa watu. Aliogopa kuachiwa mzigo, na mzigo ndio huo ameachiwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Bosi kapasuka. Onyo la maandishi. Nimeandika chini yake, "Nimesoma. Siahidi kitu."

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua siku nzima. Fundi wa kola na wenzake wawili waliomba jaribio. Meneja amewaambia warudi kwenye mashine.

Jumanne, 23 Aprili

Wote wako hai. Hilo naliandika kwanza.

Saa tano asubuhi mota ya mashine moja ghorofa ya juu iliwaka. Chini yake kulikuwa na kapu la vipande vya vitambaa. Mimi nilikuwa mbali, juu ya zulia langu. Haya nimeyapata kwa mdogo wangu, ambaye sasa amekaa mbele yangu na blanketi, kikohozi hakimwishi, na ameniambia, "Andika. Andika yote."

King'ora kililia. Wakasimama, wakaenda mlangoni kama walivyozoea. Mlango haukufunguka. Wa mbele akagusisha kadi: taa nyekundu. Mwingine akajaribu yake: nyekundu. Wakaenda mlango wa pili, nyekundu. Kadi zote zilikuwa zimejifunga, kama meneja alivyotaka. Wakagonga kitufe cha dharura mpaka kikavunjika. Kitufe hakikuwa na waya nyuma yake.

"Moshi haukuwa mwingi mwanzoni," alisema. "Ulikuwa mweusi, unanuka plastiki. Kilichokuwa kingi ni watu. Walio nyuma hawajui kwa nini mbele hakwendi, wanasukuma tu. Mimi nilibanwa kwenye kioo cha mlango. Naiona ngazi, dada. Naiona ngazi tupu, hatua moja tu, na siwezi kufika."

Chini, meza ya mapokezi haikuwa na mtu. Meneja mwenyewe alikuwa amemtuma Afande getini na mwavuli kupokea lori la vitambaa. Afande alisikia king'ora kupitia mvua. Akatupa mwavuli, akakimbia, akateleza, akainuka. Kamera ilionyesha ukungu mweusi. Akabonyeza. Mtambo ukamtaka neno la siri. Vidole vimelowa, akakosea. Akabonyeza tena, milango ikaachia.

Dakika nne.

Ndani ya dakika hizo fundi wa kola alimwaga pipa la maji ya kunywa juu ya kapu, na wawili wakamaliza moto kwa mtungi wa zimamoto. Ndiyo maana wako hai. Si mlango uliowaokoa. Walipoanguka nje kwenye ngazi, msichana mmoja wa vifungo alikuwa amevunjika vidole vitatu kwenye fremu ya mlango, na mwingine mjamzito hakuwa na fahamu. Amezinduka hospitali, na mimba yake iko salama.

Magari ya zimamoto yalipoondoka meneja aliwakusanya uani. Mdogo wangu anayakumbuka maneno yake, na nimemwomba ayarudie mara mbili nisikosee: "Dakika nne. Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo mfumo umefanya kazi. Kesho saa moja na nusu, kama kawaida."

Nimemwambia akalale. Akasema, "Ulipokataa nilikuuliza nani alikutuma. Nisamehe kwa hilo." Nikamwambia hakuna la kusamehe. Akasema lipo, na nisimnyime.

Jumatano, 24 Aprili

Hawakuingia.

Sikwenda kwenye zulia. Nilimfuata mdogo wangu. Saa moja na nusu geti lilifunguliwa na watu mia mbili wakabaki barabarani chini ya mvua, wengine na miavuli, wengi na mifuko ya nailoni kichwani. Meneja alitoka akasimama chini ya paa la geti.

"Anayetaka kazi aingie. Asiyetaka aseme jina lake."

Nilitazama chini. Naliandika hilo pia: mimi mwenye mdomo, nilitazama chini. Mdogo wangu akatoka mbele. Yeye aliyekula ameelekea ukutani. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi, akalazimika kuongea polepole, na kwa hiyo kila mtu alimsikia.

"Kazi tunaitaka. Jina langu unalo, liko kwenye kadi uliyonifungia jana. Washa king'ora sasa hivi. Milango ikifunguka yenyewe, tunapanda wote na leo tunashona hadi saa ya kutoka bila kupumzika. Isipofunguka, hatupandi leo, hatupandi kesho."

"Unanipa amri?"

"Nakupa kibiriti, nasikia ulisema ndicho kinachohitajika." Akaunyoosha mkono, kweli una kibiriti. Sijui alikitoa wapi. Watu wakapiga kelele. Meneja akarudi ndani na geti likafungwa.

Tulisimama hadi saa sita. Hakuna aliyeingia hata mmoja.

Alhamisi, 25 Aprili

Siku ya pili. Saa nne mkaguzi wa zimamoto alifika, mwanamke mfupi mwenye buti. Foleni imekuwa fupi ghafla. Meneja akampokea kwa tabasamu: mafundi walifunga vibaya, hasa yule mama anayependa kubishana, king'ora kikalia hovyo na milango ikagoma. Bosi wangu alikuwa pembeni yake, anatikisa kichwa kukubali. Nikafungua mdomo, lakini mtu alinitangulia.

"Nilikata mimi."

Kimya. Alikuwa amekuja kwa miguu, amelowa chapachapa. "Tarehe ishirini na nane Machi, saa nne na robo. Meneja nyuma yangu, bosi kwenye simu. Mwenzangu alikuwa amekataa. Fungua kisanduku cha king'ora, kitabu cha kazi kiko ndani, ameandika. Mkasi ni wangu. Amri ni yao."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Mkaguzi alifungua, akasoma, akapiga picha. Bosi akamwambia Kimya, "Umejimaliza." Kimya akajibu, "Ndiyo bosi." Na mara hii ndiyo ilikuwa na mfupa ndani yake.

Nilikwenda kusimama karibu naye. Baada ya muda nilimfunika na nusu ya mwavuli.

Ijumaa, 26 Aprili

Amri ya zimamoto: ghorofa ya juu imefungwa hadi king'ora na milango viunganishwe tena. Bosi amenipigia mara sita. Ya saba nikapokea. Nikasema nitafanya, kwa masharti. Kwanza, Kimya awe nami. Pili, jaribio lifanywe washonaji wakitazama, na lirudiwe kila Jumatatu. Tatu, ufunguo mmoja wa kisanduku akae nao mshonaji watakayemchagua wenyewe. Meneja amekataa la tatu. Nikamwambia basi atafute fundi mwingine. Amekubali saa kumi jioni.

Jumatatu, 29 Aprili

Tumerudisha waya Jumamosi. Leo jaribio. Wamemchagua fundi wa kola kukaa na ufunguo, na mdogo wangu ndiye aliyepuliza moshi. Afande alisimama mbali na meza yake, mikono nyuma, ili wote wamwone hagusi kitu.

King'ora. Milango saba. Sekunde mbili.

Hakuna aliyeshangilia safari hii. Walipita mlangoni polepole, wakageuka, wakapita tena. Msichana wa vifungo, mkono ukiwa na bandeji, aliusukuma mlango kwa bega, ukaenda, akausukuma tena.

Ijumaa, 3 Mei

Kimya ameachishwa kazi. Barua yangu ya kuacha kazi nimeiandika mwenyewe, mistari miwili. Mama amesema tutabanana. Tutabanana.

Jumatatu, 6 Mei

Jaribio la Jumatatu limekwenda vizuri; washonaji walitualika tulitazame. Mvua imepungua, inanyunyiza tu. Mimi na Kimya tulikuwa tunatoka getini wakati wanawake watano kutoka jengo la jirani, wanakotengeneza maboksi, walipovuka barabara wakatusimamisha. Mmoja alikuwa na gundi kavu hadi kwenye viwiko.

"Nyie ndio wa milango?"

"Ndiyo sisi."

"Yetu inafunguka?"

Nikasema sijui, sijawahi kuiona. "Basi njooni muione," akasema, akanishika mkono kabisa, kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo katikati ya barabara.

Getini kwao alitoka msimamizi na mwavuli. Alitutazama, mimi, Kimya, mkoba wa vifaa. "Mmeitwa na nani?"

Kabla sijajibu, wale watano walianza kujibu, si kwa pamoja, mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake:

"Mimi."

"Mimi."

"Na mimi."

Kimya alikuwa tayari ameshapita, anauliza kisanduku cha king'ora kiko wapi.